Shimo la Oili la Mtaa wa Cutler

Kila baada ya wiki kadhaa, Jumamosi asubuhi, Orville Bascom aliwasha gari lake na kulizungusha mpaka kanisa la Wabaptisti na kurudi, ili oili ipate moto. Oili baridi haitoki yote, inang'ang'ania chini ya injini pamoja na uchafu wake, na Orville hakuwa mtu wa kuacha uchafu ndani ya kitu chake. Akirudi alilipandisha gari juu ya vijukwaa viwili vya mbao alivyovichonga mwenyewe, akayazuia matairi ya nyuma kwa mawe, akatandaza boksi la friji lililokunjuliwa, akalala chali na kujisukuma ndani mpaka zikabaki buti tu. Upande wa chini wa mteremko, nyumba ya pili yake, Kazimierz Wnuk, ambaye sote tulimwita Kaz, alikuwa akifanya hivyohivyo chini ya gari lake. Buti jozi mbili, zote zimeelekea barabarani. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya Mtaa wa Cutler, na mimi sijaona Jumamosi nyingine ya maana tangu hapo.

Nyumba zetu zilijengwa na Kampuni baada ya vita, kwa ajili ya watu wa kiwanda chake cha ekseli, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Michigan nzima ilikuwa na mitaa kama huo. Orville alikuja na mkewe Nadine kutoka milima ya Kentucky, na mpaka leo akikasirika huwezi kumwelewa. Kaz alizaliwa papa hapa, kwa wazazi wa Kipolandi, na mkewe Halina alikuwa akipika kabichi ambayo harufu yake ilifika kwako kabla hujapangusa miguu mlangoni. Wanaume hao wawili walifanya kazi shifti moja, mkanda mmoja, na wakiwa wima hawakuwa na maneno.

"Jua leo," Kaz alikuwa akisema juu ya uzio.

"Jua kweli," Orville alikuwa akijibu. Basi, wameshamaliza.

Lakini chini ya magari, kila mmoja akiangalia injini yake, hakuna anayemwona mwenzake usoni, walikuwa wanaongea mpaka wake zao wanakuja kuwagonga buti kwa ufagio. Huko chini ndiko Orville aliambiwa kwamba Tadek, mtoto wa pekee wa Kaz, harudi tena kutoka Vietnam. Huko ndiko Kaz aliambiwa kwamba Nadine hatazaa. Mambo hayo hayakuwahi kusemwa wakiwa wamesimama.

Na utani je! Tuliokuwa tukipita tulikuwa tunasimama kusikiliza.

"We mtu wa milimani, umeikaza tena hiyo nati ya oili mpaka imelia?"

"Nati yangu haidondoki njiani, Kaz. Ya kwako tuliiokota wapi? Mbele ya kanisa lenu, padri ameikanyaga."

"Padri aliibariki. Tangu hapo haijavuja."

"Haijavuja! Na ile filta je?"

Hadithi ya filta ya Kaz kila mtu aliijua. Alifungua filta ya zamani, kile kimpira chake cha duara kikabaki kimegandia kwenye injini, yeye hakupapasa kuangalia. Akafunga filta mpya juu yake, kimpira juu ya kimpira. Alipowasha gari, oili yote mpya ilitoka kwa fujo ikamrukia Halina aliyekuwa anaanika shuka. Tangu hapo Orville alikuwa akimalizia kazi kwa kuuliza kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie, "Vimpira vingapi, Kaz?" Na Kaz anajibu, "Kimoja, mshenzi we, kimoja!"

Oili chafu waliimwaga shimoni. Orville ndiye aliyelileta wazo hilo. Aliliona kwenye jarida la mafundi wa nyumbani, na picha ya bwana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi: chimba shimo uani, lijaze kokoto, mimina oili yako humo, ardhi itaimeza. Alilichimba kwenye mpaka kati yake na Kaz ili wote wawili walifikie bila kutembea sana, na Kaz akaleta kokoto. Halikuwa kubwa. Wengine tukaiga, na kwa miaka ardhi yetu ilikunywa kila tulichoipa bila kunung'unika.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Kaz alitoka chini ya gari kwenda kuchukua kitambaa alichokiacha kwenye ngazi ya jikoni. Mkono ukapapasa hewa. Ngazi ilikuwa mbele kidogo, upana wa kiganja.

"Nyumba imesogea," alisema.

Orville akajitoa na yeye, akasimama kando yake akaangalia. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na ukanda wa udongo mweusi, mpya, ambao haujawahi kuona jua.

"Imesogea," alisema. "Imeelekea mtoni."

"Ingeelekea wapi? Mlima huo ataupanda nani?"

Wakarudi kumalizia, maana makarai yalikuwa yamejaa na oili ilikuwa inapoa.

Ilikuwa nyumba ya Kaz peke yake. Sisi wengine nyumba zetu zina vyumba vya chini ya ardhi, zimeshika kama jino. Ya kwake Kampuni iliijenga juu ya sakafu ya zege iliyolazwa tu, kwa sababu pale hawakutaka kuchimba. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Basi nyumba ikawa inateremka, taratibu, bila ufa wala mlio, haimwagi hata kikombe cha chai. Mpaka mwezi wa sita ilikuwa imeyaacha maua ya Halina nyuma, naye akawa anatoka na ndoo kuyafuata. Watu wa umeme walikuja wakaunga waya mrefu zaidi. Tarishi alisema kwake si tatizo, namba ya mlango ni ileile. Halina kwa kweli alifurahi, kwa sababu dirisha la jikoni lililokuwa linaangalia gereji ya Orville sasa lilikuwa linaona mto.

Aliyeumia ni Orville. Nadine alipika maharage na mkate wa mahindi, yeye anasukuma sahani. Alikuwa anasimama uani anaangalia lile shimo, halafu anaangalia nyumba ya rafiki yake imesimama pale chini peke yake, na roho inamuuma. Siku mbili tatu aliteremka kwenda kuongea. Kaz alitoka nje, wakasimama.

"Jua leo," alisema Orville.

"Jua kweli," alisema Kaz.

Orville akapanda mteremko kurudi kwake.

Jumamosi iliyofuata aliliendesha gari juu ya majani mpaka kando ya nyumba ya Kaz, na vijukwaa vyake ndani ya buti la gari. Kaz alimwona dirishani, hakuuliza, akatoka akaleta gari lake, akalala. Kwa muda ilisikika spana tu, halafu oili ikianza kuanguka kwenye karai.

"Kaz."

"Sema."

"Ni lile shimo langu."

"Shimo gani tena?"

"La oili. Nimelainisha ardhi. Mimi ndiye ninayekusogezea nyumba, Kaz. Naomba unisamehe."

Oili ikapungua mpaka ikawa matone.

"Orville, shimo lako ukilimwagia ndoo mbili linafurika. Unajua nyumba yangu ina uzito gani? Ina Halina, ina piano ya mama yake. Acha upuuzi."

"Ni miaka mingi, lakini."

"Acha upuuzi, nimesema. Vimpira vingapi?"

Orville akafunga tu nati yake, na hapo Kaz alijua kwamba mwenzake ameumia kweli.

Kiangazi kilipofika katikati, nyumba ilikuwa imeondoka kabisa mahali pake, na pale ilipokuwa tuliona mapipa. Mvua moja tu ndiyo iliyohitajika. Yalikuwa yamelazwa ubavu kwa ubavu, safu juu ya safu, kutoka ukingo mmoja wa kiwanja mpaka mwingine, yameoza kwa kutu, na kila pipa lina muhuri wa Kampuni. Ndani yake mlikuwa na oili ya kiwandani, ile nyeusi ya kupozea vyuma, na ilikuwa inatoka polepole ikiifuata nyumba kwenye mteremko. Tulikwenda kuyaangalia baada ya kanisa, tukiwa na nguo zetu nzuri. Halina alisimama pale, akakumbuka kwamba kahawa aliyoipika kwa maji ya pale miaka yote ilikuwa na rangi za upinde wa mvua juu, na kwamba Tadek alipokuwa mdogo alikuwa akizipenda rangi hizo, akiomba aonyeshwe kabla baba yake hajanywa. Alilia pale pale. Kaz hakulia. Aliwatukana watu wa Kampuni kwa Kipolandi mpaka pumzi ikamwishia.

"Wametulaza juu ya takataka yao," alisema alipoweza. "Mimi na mke wangu na mwanangu. Wakatuambia tuseme asante."

Afisa wa kaunti alikuja, kijana mpole anaitwa Prentiss, na pamoja naye bwana mmoja wa Kampuni. Prentiss alipiga magoti, akaangalia mapipa, akanusa kidole, akainuka akakung'uta suruali. Alitazama mteremko mpaka chini, nyumba ilipokuwa. Halafu akatugeukia.

"Kuna mtu hapa anamwaga oili nyumbani?"

Orville aliinua mkono kabla swali halijaisha.

"Shusha mkono, we mpumbavu!" Kaz alipiga kelele. "Shusha!"

Hakushusha. Alimpeleka Prentiss mpaka shimoni, akamweleza kila kitu, jarida, kokoto, miaka. Prentiss alimsikiliza kwa heshima. Bwana wa Kampuni naye alieleza kwamba mapipa ni ya zamani, yalifungwa vizuri, na kwamba oili ya kiwandani ni aina ambayo haitembei. Oili ya magari ndiyo inayotembea. Alisema hivyo akiwa amekanyaga ile oili, na wakati anaongea alikuwa akiteremka kidogokidogo, ikabidi amalizie maelezo akiwa mbali na sisi.

Uamuzi ukatoka kwamba nyumba ya Wnuk imesogezwa na shimo la Bascom. Mapipa yakafunikwa udongo na majani yakapandwa juu yake, yakashika upesi, mazito, ya kijani kibichi hasa. Kibao kikasimamishwa, wakazi wasimwage oili. Kuanzia siku hiyo sote tulibeba oili yetu kwenye madumu ya maziwa mpaka kituo cha mafuta, tukipita mbele ya majani yale.

"Wewe umeyaona mapipa?" Kaz alimuuliza Jumamosi hiyo, chini ya magari.

"Nimeyaona."

"Yameandikwa jina la nani?"

"La Kampuni."

"Sasa je?"

"Wangekuwa wanajua yanavuja, Kaz, wangetuambia. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwao. Wangetuambia. Shimo nimelichimba mimi."

"Mama yangu! Orville!"

"Nisamehe tu, basi."

"Sina cha kukusamehe."

"Kipo."

"Nikikusamehe wewe, nitakuwa nimewasamehe wao. Hilo usiniombe. Niombe gari, niombe figo."

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, nyumba ilifika mtoni. Halina alikuwa ameshusha sahani kutoka kabatini akazifunga kwa mablanketi, lakini haikuwa na haja. Nyumba iliingia majini kwa utulivu, ikavuka juu ya utando wa oili, ikapanda ukingo wa ng'ambo na kwenda kusimama kwenye shamba la maboga la mkulima mmoja wa kaunti ya pili. Mkulima alitoka, akaizunguka, akasema wanaweza kukaa mradi isiendelee. Haikuendelea. Kaz alifika baadaye kwa gari, kupitia darajani, akakuta supu iko tayari.

Kutoka kwetu mpaka pale ni mwendo, maana daraja liko mbali kule juu. Orville alikwenda kila Jumamosi, sasa bila kuruka hata moja. Oili yake ilikuwa ya wiki moja, rangi ya asali, haina kosa lolote. Aliifungulia ikatiririka karaini, wakaongea mpaka ikaisha, kisha akaichuja kwa soksi safi ya Nadine na kuirudisha ileile kwenye injini. Fundi gani atakuelewa? Lakini Kaz alimwelewa, na yeye akawa anafanya hivyohivyo. Walikuwa wakiongelea kiwanda, wavivu wa shifti yao, soseji za mama yake Kaz, siku Orville alipoona theluji ya huku kwa mara ya kwanza akadhani ni msiba. Mimi nilimsindikiza mara moja nikakaa kwenye boga nikiwasikiliza, na nilitamani isiishe. Mwishoni, kabla ya kufunga nati, Orville alikuwa akiomba tena.

"Kaz, nisamehe."

"Hapana."

Majira ya baridi yakapita hivyo. Orville alikonda. Alikuwa mpiga mluzi mashuhuri, mluzi ukampotea. Kanisani alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, pale wanapokaa wenye mambo yao. Alianza kutuomba radhi hata sisi, kwa vitu ambavyo hatukuvijua: mvua, bei ya nyama, kiwanda kupunguza watu.

Nadine hakumwambia mtu. Alipanda basi mpaka mwisho wa njia, akatembea kwenye matope ya shamba, akabisha mlango. Halina alimkaribisha, akataka kumwekea chakula. Nadine hakuketi.

"Shemeji," alimwambia Kaz, "mpe huo msamaha."

"Nadine, hana kosa. Unajua hana kosa."

"Najua."

"Mapipa yale—"

"Nimeyaona, nina macho. Najua kabisa hana kosa. Mpe hivyohivyo. Mume wangu ananiishia mikononi, Kaz."

Kaz alimtazama mkewe. Halina alikuwa ameshika sufuria, akaangalia kando. Tangu ile siku ya mapipa alikuwa ameacha kunywa kahawa, na yeye msamaha haukuwa kwenye mipango yake kabisa. Lakini alitikisa kichwa kwamba sawa.

Jumamosi Orville akaja. Wakapandisha magari, wakalala. Nati zikafunguliwa, oili mbili safi zikaanza kutiririka pamoja. Orville alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Haya, Orville," alisema Kaz. "Nimekusamehe."

Oili ikaendelea kuanguka.

"Kweli?"

"Kweli."

"Kwa yote? Na nyumba, na kahawa ya Halina? Na zile rangi za Tadek?"

Kaz alifumba macho. Akashika spana kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma. Hakuna aliyemwona.

"Kwa yote," alisema.

Orville alilia huko chini, kwa kwikwi, buti zikitikisika. Alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata usingizi. Walisimama wima, wakatazamana.

"Jua leo," alisema Orville.

"Jua kweli," alisema Kaz, akaingia ndani.

Kesho yake kanisani Orville alisimama mbele za watu akatangaza kwamba amesamehewa. Tulipiga makofi, tungefanya nini? Habari ilimfikia Prentiss katikati ya wiki. Naye aliona ni jambo zuri sana. Aliyeharibiwa nyumba amemsamehe aliyeiharibu, kwa hiyo shauri limekwisha, hakuna haja ya kufukua chochote. Kampuni ilitoa shukrani zake kwa ujirani mwema wa Mtaa wa Cutler. Mwaka uliofuata ilifunga kiwanda, ikahamia kusini, na majani yakabaki.

Orville ndiye anayeyakata. Hakuna aliyemtuma. Kiwanja kinateleza kiasi kwamba mashine ya majani inakwenda yenyewe, yeye anaifuata nyuma mikono mfukoni, akipiga mluzi, ule mluzi wake wa zamani tuliokuwa tumeukosa. Amenenepa. Bado anakwenda kwa Kaz Jumamosi, na Kaz bado anatoka kulala naye chini ya magari, ingawa siku hizi anayeongea ni Orville. Ukipita ukamuuliza kwa nini anahangaika na kiwanja cha watu bure, tena juani, anazima mashine kwanza ili akujibu vizuri. Anasema ni kidogo tu anachoweza kufanya, kwa jinsi Kampuni ilivyomvumilia.